Mkate wa Mdogo Wangu

Baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja pale Mbeya, miaka ya hamsini, na kila jioni alirudi nyumbani na kifurushi cha mkate kwapani. Ulikuwa mkate wa juzi, au kipande kilichoungua upande mmoja, au zile ncha ngumu ambazo hazikupelekwa mezani kwa wenye nyumba. Kwao yalikuwa mabaki. Kwetu ilikuwa heshima. Majirani walikula ugali, viazi na ndizi za kupika, sisi tulikula mkate, na mama alipotutuma dukani alitufuta makombo mdomoni harakaharaka, vibaya, na mpaka leo naamini alitufuta vibaya makusudi ili watu waone.

Mimi nilikuwa mkubwa. Mdogo wangu alizaliwa mwaka uliofuata kuzaliwa kwangu, naye nilimwonea wivu tangu nilipopata akili ya kulinganisha. Alikuwa na mashavu. Alikuwa na mapaja yaliyogongana akitembea. Mimi nilikuwa na tumbo lililojaa kama ngoma, miguu ya njiti na nywele zilizopauka kama za mwanasesere wa majani ya mahindi. Tulikula sahani moja, lakini alichokula yeye kilimkaa mwilini, nilichokula mimi kilinitoka kabla ya saa kupita. Wageni wakija walimbeba yeye. Mimi niliambulia kupapaswa kichwa na kuambiwa pole.

Kila mtu alikuwa na jibu. Wengine walisema minyoo, nikanyweshwa dawa za minyoo mpaka minyoo yenyewe, kama ilikuwepo, ilihama. Shangazi yangu alisema mama alivunja mwiko fulani wa ukoo wa baba akiwa na mimba yangu. Mama, ambaye alikuwa Mhehe na hakuwa na subira na miko ya Mbeya, alisema ni baridi. Alikuwa na ushahidi. Kila aliponipeleka Iringa kwa mama yake, nilipona.

Bibi aliishi Ipogolo, kule chini kabla hujaanza kupanda mlima kwenda mjini. Kwake tulikula ugali, maharage, mboga za majani, na asubuhi uji wa ulezi. Nikikaa miezi miwili mitatu, tumbo lilinywea, nikaota mashavu, nikaanza hata kuwachokoza watoto wa jirani. Bibi alijisifu kwamba ana mkono wa kulea. Kisha nilirudishwa Mbeya, baba akanipokea kwa mkate na siagi kwa furaha ya kuniona mzima, na kabla ya mwezi kuandama mara ya pili nilikuwa nimelala tena mkekani, uso ukutani.

Aliyeifumbua ile habari alikuwa daktari wa hospitali, Mzungu kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka likizo kwao. Hakumwuliza mama naumwa nini. Aliposikia kwamba Iringa napona, alimwuliza ninakula nini Mbeya nisichokula kule. Mama alifikiri sana. Hatimaye alijiweka sawa kitini na kusema, kwa fahari kabisa, "Huku kwa baba yake anakula mkate."

Daktari aliweka kalamu chini.

Alichosema baada ya hapo mama alitusimulia mara nyingi, na kila mara kilikuwa kifupi. Ngano ni sumu kwa mtoto huyu. Shayiri pia, na nafaka nyingine ya Ulaya ambayo kwetu haipo. Si kwa mwezi, si kwa mwaka, ni maisha. Ale mahindi, ulezi, mtama, mchele, viazi, ndizi mbivu, mayai. Ngano hata kidogo asiionje. Mama alilia njia nzima kutoka hospitali, na hakulia kwa sababu naumwa, maana hilo alikuwa amelizoea. Alililia mkate. Ilikuwa kama ameambiwa mtoto wake mkubwa hataruhusiwa kuvaa viatu.

Baba hakulia. Jioni ile alichukua bakuli, akatia konzi ya unga wa ngano na maji kidogo, akakanda donge, halafu akalitumbukiza kwenye maji na kuanza kulifinyafinya. Maji yakawa meupe kama maziwa. Akayamwaga, akatia mengine, akafinya tena, mpaka lile donge likabaki kitu kidogo cha kijivu, cha kunata, kinachovutika kama ulimbo wa kunasia ndege. Akakivuta mbele ya macho yetu. "Hiki ndicho kinachomgandia tumboni," akasema. Kisha akafanya vilevile kwa unga wa mahindi, nao ukaishia wote majini, hakikubaki kitu mkononi.

Tangu siku hiyo hakuna unga ulioingia nyumbani kwetu bila kupita kwenye bakuli la baba. Bizari fulani ya dukani iliacha uzi wa kunata vidoleni mwake, kumbe aliyeisaga aliiongezea ngano iwe nyingi. Ikatupwa. Soseji za kopo zikakatazwa, kwa sababu baba alijua zinachanganywa na mkate uliosagwa. Mchuzi mzito wa kwa Mzungu aliotuletea Jumapili ukakatazwa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeuzidisha uzito kwa unga. Mahindi yangu yaliacha kwenda mashineni, maana mashine ilisaga ngano ya watu asubuhi na mahindi yetu mchana, na vumbi lilikuwa lilelile. Mama akarudi kwenye kinu na jiwe la kusagia kama bibi yake. Nikawa na chungu changu, mwiko wangu, ungo wangu.

Na bado tulinaswa. Mke wa Mzungu wa baba, aliposikia kwamba binti wa mpishi ni dhaifu, aliniletea kopo la unga wa kahawia wa kukoroga na maziwa, mtamu ajabu, wa kunipa nguvu. Baba aliujaribu kwa bakuli, haukuacha gundi yoyote. Nilikunywa kwa madaha, kikombe changu peke yangu, mdogo wangu akinitazama. Nilifurahi siku tatu. Ya nne nilikuwa mkekani. Baba akabeba kopo kurudi kwa mama yule akamwomba amsomee maandishi, akarudi na jibu kwamba ni kimea cha shayiri.

"Kimea?" mama akauliza. "Kimea si cha ulezi?"

Kwetu kimea kilikuwa cha ulezi. Uliloweka, ukasubiri uote vijimizizi, ukaanika, ukasaga, na konzi moja kwenye uji mzito iliulegeza na kuutia utamu, ukawa togwa. Mama hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu huko duniani wanaochipusha nafaka nyingine.

Basi hayo ndiyo maisha yangu, na watu wazima waliyaona kuwa maisha ya mtoto wa mfalme. Mayai yalikuwa yangu. Ndizi mbivu zilipotoka Tukuyu, chane ya kwanza ilikuwa yangu. Wali, ambao nyumba nyingine uliliwa Krismasi na Pasaka, kwangu ulipikwa siku yoyote tumbo likinisumbua. Watoto wa jirani waliniita Mtoto wa Ubwabwa. Ningeweza kuwaambia wachukue ubwabwa wote na kuku juu yake, wanipe kipande kimoja cha mkate wenye siagi.

Kwa sababu mkate haukuondoka nyumbani. Baba aliendelea kuja na kifurushi, na kifurushi chote sasa kilikuwa cha mdogo wangu. Alijua kula yule. Alianza na katikati, akichomoa nyama ya mkate kwa vidole na kuiviringa vidonge, halafu akaramba siagi, halafu akalitafuna ganda taratibu mpaka nilisikia likivunjika nikiwa uani. Nikimwambia mkate unanuka, alisema, "Sizitaki mbichi hizi," akacheka. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilimwomba Mungu, si kwamba anipe mkate, bali kwamba naye aumwe tumbo.

Mama alipoona ninavyomtazama mwenzangu mdomo, alinipa methali aliyoipata shuleni: aliyekupa wewe kiti ndiye aliyenipa mimi kumbi. Niliuliza kumbi ni nini. Akasema ni ganda la nazi. Nazi yenyewe Mbeya sikuwahi kuiona, kwa hiyo methali hiyo haikunisaidia chochote.

Tulianza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza pamoja, mimi na yeye, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umenichelewesha. Nilikuwa namzidi kwa kila kitu pale. Maswali ya katekisimu niliyajibu kabla katekista hajamaliza kuuliza. Yeye alichanganya dhambi za mauti na dhambi ndogo, akatia hata zilizokuwa hazipo. Mama alikwisha kununua kitambaa cheupe cha magauni mawili. Nilihesabu kwamba hapo, mbele ya altare, ndipo mahali pekee ambapo mdogo wangu na mimi tutakula kitu kilekile.

Jumamosi moja masista waliokuwa wanaoka hostia za parokia walituita wanafunzi wa komunyo nyuma ya jiko lao. Hostia ziliokwa bapa kubwa kati ya vyuma viwili, kisha zikakatwa viduara, na vile vipande vya pembeni vilivyobaki, ambavyo havijabarikiwa wala havina kazi, waligawiwa watoto. Vilikuwa vyeupe, vyembamba, vikavu. Mimi nilikuwa nimebaki nyumbani siku hiyo na homa. Mdogo wangu alikuja na mfuko wa gauni umejaa, akakaa mlangoni, akaanza kuvila kimoja kimoja akihakikisha namwona.

Baba alinyoosha mkono, akachukua kipande kimoja. Alikitazama kwenye mwanga. Akakilowanisha kwa ulimi, akakisugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akavitenganisha polepole. Kulikuwa na uzi mwembamba unaonata.

Tulikuwa tumesachi duka zima, tumepima bizari, tumekimbia mashine, na hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri hostia imetengenezwa kwa unga, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyeihesabu kuwa chakula. Mdogo wangu peke yake aliendelea kutafuna.

Mama alikwenda kwa padri kesho yake baada ya misa, nami nikimfuata nyuma. Alikuwa amefunga kwenye kitambaa safi unga wa ulezi aliousaga mwenyewe na kuuchekecha. Alipiga goti, akauweka mezani. "Baba, naomba masista wamwokee huyu mtoto hostia yake. Moja tu. Unga nimeleta."

Padri alikuwa mzee, mwenye ndevu, amekaa nchi hii miaka mingi kuliko umri wa mama. Aliufungua ule unga, akaunusa, akaufunga tena vizuri. Akaeleza kwamba hostia isiyo ya ngano si hostia, hata papa hawezi kuigeuza. Mama akauliza kama basi mtoto anaweza kupewa divai. Akasema divai ni ya padri. Kisha akanitazama mimi, na nadhani aliona sura yangu ilivyokuwa, akasema kwamba katika chembe ndogo kabisa ya hostia Yesu yumo mzima, na kwamba mama akamwulize daktari kuhusu chembe.

Daktari hakuwa wa dini yetu. Alisema chembe ndogo kuliko punje ya mchele, mara moja, mtoto akiwa na afya nzuri, yeye hatazuia, ingawa moyo wake haupendi. Kila Jumapili, hapana. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea afya yangu, na ili niwe na afya nzuri mama alinipeleka mahali ambapo nilikuwa sijawahi kuugua hata mara moja.

Tulipofika Ipogolo bibi alitupokea kwa salamu ndefu ya "Kamwene" na kunizungusha mbele yake anione kila upande. Alikuwa ametengeneza togwa, mtungi mzima, kwa ajili yangu. Nilikunywa asubuhi, nikanywa mchana. Kule hakukuwa na mkate, hakukuwa na mdogo wangu, nilikuwa na amani. Wiki haijaisha, tumbo langu lilijaa tena.

Mama alizunguka jiko la bibi kama askari. Akauliza unga umetoka wapi, chumvi imetoka wapi.

"Mimi mkate sijampa," bibi akasema. "Hata kuuona hajauona hapa kwangu."

"Kimea, mama. Kimea umetoa wapi?"

"Kimea si kimea tu, mwanangu."

"Cha nini?"

"Ulezi mwaka huu umekataa. Jirani ana ndugu yake kule juu anakolima ngano, kanigawia kidogo, nikaichipusha. Togwa imekubali vizuri sana. Au haikukubali?"

Mama alikaa chini palepale jikoni. Bibi alipoelewa alifunika uso kwa kanga, akamwaga mtungi wote nje, akausugua kwa majivu mpaka jioni, lakini mwili wangu ulikuwa umekwisha kubeba. Tulirudi Mbeya nikiwa mwembamba kuliko nilivyokwenda. Gauni langu ilibidi lipunguzwe. La mdogo wangu liliachiwa mshono.

Padri aliponiona alitikisa kichwa. Alimwambia mama labda nisubiri mwaka mwingine. Mimi nikasema, bila kuulizwa, kwamba mdogo wangu hajui hata tofauti ya dhambi za mauti. Padri alikohoa kwenye ndevu zake, akasema, "Nitaona siku yenyewe."

Kwa hiyo nilikwenda kanisani siku yenyewe bila kujua kama nitapewa. Wote tulikuwa na njaa ya kufunga, magauni meupe, mataji ya maua. Bibi alikuwa amekuja na basi kutoka Iringa, akiwa na mfuko wa ulezi aliouchambua mwenyewe, na alikaa benchi la mbele akiniombea kwa Kihehe kwa sauti iliyosikika kwa wote. Tulipangwa kwa kimo. Mdogo wangu alikuwa amenipita, kwa hiyo nilitangulia, yeye akanifuata. Tukapiga magoti.

Padri alikuja akinong'ona Kilatini, mtoto kwa mtoto. Tulikuwa tumefundishwa kufumba macho. Nilifumba, nikatoa ulimi, nikangoja, na kungoja kwangu kulikuwa kurefu kuliko kwa mwenzangu wa kushoto. Nikajua nimerukwa. Machozi yalikuwa yamekwisha anza kutoka niliposikia kitu kikivunjika, sauti ndogo kavu ambayo ningeitambua popote, maana niliisikia kila jioni mlangoni kwetu. Kitu kikagusa ulimi wangu. Kilikuwa kidogo hivi kwamba kabla sijakionja hakikuwepo tena.

Nilifumbua macho, ingawa tulikatazwa. Nikamwona padri amesogea, ameshika hostia yangu, hostia nzima isipokuwa ukingo uliomeguka, na anaiweka kwenye ulimi wa mdogo wangu.

Sala yangu ya kwanza baada ya kumpokea Bwana ilikuwa hii: hata hapa. Hata mbele ya altare anakula fungu langu.

Nyumbani kulikuwa na karamu. Baba alikuwa ameoka mkate mzima, mpya, wa sukari juu, si mabaki ya mtu, kwa ajili ya mdogo wangu. Kwangu palikuwa na wali na paja la kuku. Mama alikuwa ananipapasa tumbo kila akipita. Tulipokwisha kunawa na kukaa, mdogo wangu hakuugusa mkate wake. Alikuwa ameinamisha kichwa na taji lake limekwenda upande. Mama akadhani amechoka, baba akamkatia kipande akakipaka siagi, akamwekea mbele. Akakisukuma.

"Una nini?" mama akamwuliza.

Ndipo alipoanza kulia, kilio cha kukatisha maneno. "Wenzangu wote wamepewa nzima. Mimi nimepewa iliyomegwa. Sababu ya huyu."

Mama alijaribu kumweleza habari ya Yesu kuwa mzima katika kila chembe. Hakusikia. Yalimtoka yote kwa pamoja. Kwamba ulezi wangu anautwanga yeye mpaka mikono inatoka malengelenge. Kwamba mayai ni yangu, hata yale ya kuku wake. Kwamba Iringa napelekwa mimi, basi napanda mimi, bibi ni wangu, yeye anaachwa na mkate. Kwamba nikiugua nyumba nzima inaninyamazia, na yeye akiugua anaambiwa asipige kelele, dada yake amelala.

"Kila siku nakula mabaki ya wazungu," akasema, "na leo hata Bwana Yesu nimepewa mabaki ya huyu."

Bibi akamvuta kifuani. Baba akaangalia mkate wake wa sukari. Mimi nilikuwa nimeshika tonge la wali karibu na mdomo, nikabaki nalo hapo, nikimtazama mdogo wangu, yale mashavu niliyoyaonea wivu miaka yote yamelowa, na mbele yake mkate mzuri kuliko wote ulioingia nyumba ile, hajauonja. Ulikuwa unanukia sana. Kwa mara ya kwanza tangu daktari aniachishe, sikuutamani.

Nikala tonge langu. Nikamaliza sahani, nikamwomba mama aniongezee wali.